Upungufu wa vitamini D: namna ya kujua kama unakuhusu, kusoma kipimo na kupanga dozi

Takwimu za upungufu wa vitamini D zinachanganya kwa sababu kila mtu anachora mstari wa upungufu mahali pake. Mwaka 2020 watafiti wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, Kenya, na wenzao walichapisha uchambuzi wa tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, zenye watu zaidi ya 21,000. Waliokuwa na vitamini D chini ya nanomoli 30 (kizio kinachotumika maabara) kwa lita moja ya damu walikuwa asilimia 18. Chini ya 50 walikuwa asilimia 34. Chini ya 75 walikuwa karibu asilimia 60. Watu ni wale wale na damu ni ile ile, kilichosogezwa ni mstari tu. Ukikutana na habari inayosema Waafrika sita kati ya kumi wana upungufu, tafuta kwanza mstari uliotumika. Kama haukutajwa, habari hiyo haikusaidii kuamua chochote.

Mistari inayotumika sana ni mitatu, na kila mmoja una maana yake.

Nanomoli 30 kwa lita (sawa na nanogramu 12 kwa mililita) ndio mstari wa hatari. Chini ya hapo mifupa inaweza kuanza kulainika: mtoto anapata matege, mtu mzima anapata maumivu ya mifupa na misuli kulegea.

Nanomoli 50 (nanogramu 20) ulipendekezwa mwaka 2011 na Taasisi ya Tiba ya Marekani. Taasisi hiyo ilisema kiwango hicho kinakidhi mahitaji ya mifupa ya asilimia 97.5 ya watu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kama 50 inawatosha karibu wote, basi watu wengi wenye 40 au 45 nao wametosheka, kwa kuwa mahitaji yao ni madogo zaidi. Kuwaita wote hao wagonjwa ni kuusoma mstari kinyume.

Nanomoli 75 (nanogramu 30) ulitangazwa mwaka huo huo wa 2011 na chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society. Bado utaukuta kwenye fomu za maabara nyingi, na matokeo yaliyo chini yake huwekewa alama nyekundu. Mwaka 2024 chama hicho hicho kiliacha kuupendekeza, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama jambo la kawaida.

Kwa matumizi ya nyumbani, ushauri wetu ni huu: chini ya 30 tibu, kati ya 30 na 50 rekebisha taratibu, juu ya 50 acha kuhangaika.

Nani anayo, nani hana

Ukitumia mistari hiyo miwili ya chini, picha ya dunia inakuwa wazi zaidi. Watu wanaoshinda nje karibu na ikweta wana kiwango cha juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115. Watoto wadogo zaidi ya 4,000 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini walipopimwa, waliokuwa chini ya 30 hawakufika hata asilimia 1, na chini ya 50 walikuwa karibu asilimia 8.

Ule uchambuzi wa Afrika nzima ulionyesha pia pengo liko wapi: wa mjini wana kiwango cha chini kuliko wa vijijini, wanawake kuliko wanaume, watoto wachanga kuliko mama zao, na watu wa Afrika Kaskazini na Afrika Kusini kuliko wa nchi za katikati.

Ulaya, asilimia 13 wako chini ya 30 na asilimia 40 chini ya 50, na wenye asili ya Afrika na Asia wanaoishi huko wameathirika zaidi sana. Marekani, vipimo vya taifa vya miaka 2011 hadi 2014 vilikuta asilimia 5 ya watu wote wako chini ya mstari wa hatari, lakini kwa watu weusi ilikuwa asilimia 17.5. Hata hivyo Wamarekani weusi huvunjika mifupa mara chache kuliko weupe. Hilo linatosha kuonyesha kwamba namba ya maabara peke yake haielezi afya ya mifupa.

Ghuba ndiko kunakowashangaza wengi. Muscat, Dubai na Riyadh zina jua la kutosha mwaka mzima, na bado tafiti nyingi za huko zimekuta wanawake wengi wakiwa chini ya 50. Joto linawafungia watu ndani ya nyumba zenye viyoyozi, safari ni za gari, na vazi linafunika mwili wote. Kuwepo kwa jua mjini hakumsaidii mtu ambaye ngozi yake hailioni.

Finland, ambako kwa miezi kadhaa ya mwaka jua halitengenezi vitamini D kabisa, ilianza mwaka 2003 kuongeza vitamini hiyo kwenye maziwa na siagi ya kupaka, ikaongeza tena kiwango mwaka 2010, na hali ya watu wake ikawa nzuri.

Jiulize haya kabla ya kulipia kipimo

Vitamini D hutengenezwa kwenye ngozi pale miale ya urujuanimno aina ya B inapoipiga. Kutoka hapo inakwenda kwenye ini, ambako inageuzwa kuwa umbo linalopimwa maabara, kisha kwenye figo, ambako inakuwa homoni kamili inayosaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Kwa hiyo maswali yanafuata njia hiyo hiyo: ngozi, ini, figo, utumbo.

Je, uso, mikono na angalau sehemu ya miguu yako huguswa na jua la mchana mara tatu au nne kwa wiki? Mkulima, mvuvi, machinga na mwendesha bodaboda watajibu ndiyo. Mfanyakazi wa ofisini anayetoka alfajiri na kurudi magharibi, mlinzi wa usiku, mfungwa, mzee asiyetoka chumbani, na mwanamke wa mwambao anayevaa buibui na nikabu kila atokapo huku nyumba yake haina ua, hao watajibu hapana.

Unaishi latitudo gani? Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Kampala ziko ndani ya eneo ambalo jua linafaa mwaka mzima. London iko nyuzi 51 kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua lake halitengenezi vitamini D ya maana hata ukikaa nje siku nzima. Toronto na Minneapolis nazo zina miezi kadhaa ya namna hiyo. Ukiwa na ngozi nyeusi huko, hata majira ya joto hayajazi akiba ipasavyo, kwa kuwa melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, huzuia sehemu kubwa ya miale.

Je, unatumia dawa zinazomaliza vitamini D mwilini? Kubwa ni fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini za kifafa, na rifampisini ya kifua kikuu. Efavirenzi, iliyotumika sana kwa VVU, nayo hushusha kiwango. Dawa za jamii ya predinisoloni zinazotumika kwa miezi mingi hudhoofisha mifupa kwa njia nyingine.

Una ugonjwa wa ini, figo, au utumbo usiofyonza mafuta? Una unene mkubwa? Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, na mtu mnene huhitaji dozi mara mbili hadi tatu ya mwenzake ili afike kiwango kile kile. Wagonjwa wa selimundu nao wamekutwa na upungufu mara nyingi.

Kama majibu yote yanaonyesha uko salama na huna dalili, huhitaji kipimo wala vidonge. Uchovu peke yake si sababu ya kukimbilia kipimo cha vitamini D. Pima kwanza wingi wa damu, maana upungufu wa damu ni wa kawaida zaidi na kipimo chake ni rahisi. Dalili zinazoelekea kwenye vitamini D ni maumivu ya mifupa ukiibonyeza kwenye ugoko au mbavuni, na misuli ya mapaja kuishiwa nguvu: mtu anashindwa kuinuka mkekani bila kushika kitu, anapanda ngazi kwa shida, anatembea akiyumba kama bata.

Jua: saa ngapi, kwa muda gani

Ushauri unaosikika sana kliniki ni kumtoa mtoto kwenye jua la asubuhi, saa moja au saa mbili. Jua hilo ni la starehe, lakini kwa vitamini D halina nguvu. Likiwa chini, miale yake hupita kwa mshazari ndani ya hewa na tabaka la ozoni, na ile ya aina ya B karibu yote huishia njiani. Kipimo kizuri hakihitaji saa wala simu: simama, tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, vitamini D inayotengenezwa ni ndogo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linafanya kazi. Kwa ukanda wetu hiyo ni kati ya saa tatu au saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Mtu mzima mwenye ngozi nyeusi aanze na dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa wiki, mikono wazi hadi juu ya kiwiko na miguu wazi chini ya goti. Mweupe wa ngozi apunguze muda huo kwa zaidi ya nusu. Kukaa hadi ngozi iungue hakuongezi kitu, kwa sababu ngozi ikishafikia kiasi chake huanza kuivunja ile ya ziada.

Yanayoharibu: kioo. Dirisha la gari, la ofisi au la roshani iliyofungwa huzuia karibu miale yote ya aina ya B, ingawa joto linapita na ngozi inaweza hata kuwa nyeusi zaidi. Nguo nazo huzuia, na kitambaa cheusi kilichofumwa vizuri hakipitishi chochote cha maana. Mwanamke anayejisitiri anaweza kutumia ua wa ndani au paa lisiloonekana na majirani, akiwa na kanga tu. Asipokuwa na mahali pa namna hiyo, asijilazimishe. Matone au vidonge vitamtosha, na tutavifikia.

Mwenye ualbino asiambiwe kuota jua kwa ajili ya vitamini D hata kidogo. Saratani ya ngozi ni hatari ya kweli na ya karibu kwake. Kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kinga viendelee, na vitamini atoe kwenye chakula na vidonge.

Chakula husaidia kidogo, ila kalsiamu ni lazima

Vyakula vyenye vitamini D ni vichache. Samaki wenye mafuta ndio bora: gramu 100 za dagaa wa kopo wa aina ya sadini zina takriban IU 190 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini). Kiini cha yai kina kama IU 40, na kipande cha ini la ng'ombe cha kawaida vivyo hivyo. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la chewa kina takriban IU 450, lakini kina pia vitamini A nyingi, na mjamzito asiyatumie. Maziwa ya Marekani na Kanada huongezewa vitamini D, kikombe kimoja cha Marekani kikiwa na IU 100 hivi au zaidi kidogo, ilhali maziwa ya kawaida ya Uingereza hayaongezewi. Anayehama kutoka Minneapolis kwenda London na kuendelea na glasi yake ile ile ya maziwa amepoteza chanzo bila kujua. Maziwa ya ng'ombe yasiyoongezewa kitu yana vitamini D kidogo mno.

Kalsiamu ni habari nyingine. Nchini Nigeria watoto wengi wenye matege walikutwa na vitamini D isiyo mbaya sana. Walichokosa ni kalsiamu, kwa kuwa chakula chao kilikuwa cha nafaka na hakina maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu, ikiwa peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko kwa vitamini D pekee. Mtoto wa ugali na uji mtupu yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi ndivyo vya kuweka sahanini. Mtu mzima alenge miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku.

Mtoto mchanga na mtoto mwenye matege

Maziwa ya mama yanafaa kwa karibu kila kitu isipokuwa hiki: lita nzima mara nyingi haifikishi hata IU 80. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama, na mama akiwa na upungufu, akiba hiyo inaisha ndani ya wiki chache. Mwongozo wa kimataifa wa matege wa mwaka 2016 unapendekeza IU 400 kwa siku kwa kila mtoto tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Kwa mtoto wa kijijini anayecheza uani kifua wazi, hatari ni ndogo. Kwa mtoto wa ghorofani, mtoto wa mama anayejisitiri, njiti, na mtoto yeyote anayezaliwa Ulaya au Kanada, matone hayo yasikosekane. Kunyonyesha kuendelee kama kawaida.

Soma chupa kwa makini kabla ya tone la kwanza. Baadhi ya bidhaa zina IU 400 kwenye tone moja, nyingine zina IU 400 kwenye mililita moja, yaani kwenye kidondoshi kizima. Mzazi aliyezoea ya pili akinunua ya kwanza na kujaza kidondoshi anampa mtoto dozi mara kadhaa ya inayotakiwa, kila siku. Tafuta kwenye lebo maneno yanayotaja kiasi kwa tone au kwa mililita, piga alama kwa kalamu, na utumie kidondoshi cha chupa hiyo hiyo tu. Mtoto wa chini ya miezi 6 asizidishe IU 1,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote, pamoja na maziwa ya kopo, ambayo tayari yameongezewa.

Dalili za matege hazianzi na miguu. Tazama kifundo cha mkono: kama ni kinene, kana kwamba kuna pete chini ya ngozi, hiyo ni dalili ya mapema. Pitisha vidole mbavuni, pale mfupa unapokutana na gegedu, uone kama kuna mstari wa vinundu. Tazama pia utosi usiofunga, meno yanayochelewa na kutembea kunakochelewa. Mtoto mchanga anayepata degedege bila homa apelekwe hospitali papo hapo, na kalsiamu yake ipimwe. Upungufu mkubwa wa vitamini D huweza kujitokeza hivyo.

Miguu ya upinde kabla ya miaka 2 mara nyingi ni ya kawaida na hujinyoosha. Baada ya hapo pima hivi: mlaze mtoto chali, nyoosha miguu, gusanisha vifundo vya ndani, kisha pima pengo kati ya magoti kwa futi ya fundi cherehani. Likizidi sentimita 6, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, nenda hospitali. Huko watapiga eksirei ya kifundo cha mkono au goti na kupima damu. Usianze kumtibu matege kwa kubahatisha nyumbani, kwa kuwa yapo matege ya figo na ya kurithi ambayo dozi ya kawaida haiyaponyi.

Tiba ya matege ya lishe kwa mwongozo huo wa 2016 ni IU 2,000 kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, IU 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka 1 hadi 12, na IU 6,000 kwa aliyezidi hapo. Inatolewa kwa siku zisizopungua 90, pamoja na miligramu 500 za kalsiamu kila siku. Kosa linalojirudia ni kuiacha baada ya mwezi mmoja kwa kuwa mtoto amechangamka. Mfupa haujamaliza kujenga.

Kupima na kusoma karatasi

Omba kipimo cha 25(OH)D, yaani lile umbo linalotengenezwa kwenye ini. Ukiletewa 1,25(OH)2D, yaani ile homoni kamili ya figo, kataa, isipokuwa daktari wa figo au wa homoni ndiye aliyekiagiza. Hicho cha pili kinaweza kuwa cha kawaida au hata juu kwa mtu mwenye upungufu mkubwa, kwa sababu mwili huisukuma figo igeuze kile kidogo kilichobaki. Huhitaji kufunga kula. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, viache siku mbili au tatu kabla, maana kwenye baadhi ya mashine huonyesha vitamini D nyingi kuliko iliyopo.

Karatasi ikifika, tazama kipimo cha namba kabla ya namba yenyewe. Nanogramu 1 kwa mililita (ng/mL) ni nanomoli 2.5 kwa lita (nmol/L). Mtu akisoma 28 nmol/L akidhani ni nanogramu, atajiona yuko vizuri kumbe yuko chini ya mstari wa hatari. Mwingine akiona 22 ng/mL yenye alama nyekundu atanunua sindano, kumbe hiyo ni nmol/L 55 na mifupa yake haina tatizo.

Kama fedha ni ndogo na una maumivu ya mifupa, kalsiamu, fosfati na alkalaini fosfatesi (kimeng'enya cha mifupa na ini) hupimwa kwa bei nafuu mahali pengi. Fosfatesi ikipanda huku kalsiamu au fosfati zikishuka, mifupa tayari inaumia. Daktari ahakikishe tu kwamba ini ni zima, kwa kuwa ugonjwa wa ini nao hupandisha fosfatesi, na watoto wanaokua wana kiwango chao cha juu zaidi.

Kupanga dozi

Kwenye lebo utakuta IU au mikrogramu. Gawanya IU kwa 40 upate mikrogramu: IU 400 ni mikrogramu 10, IU 2,000 ni 50, IU 50,000 ni 1,250. Chagua vitamini D ya aina ya D3 ikipatikana.

Kwa kujikinga, Marekani inapendekeza IU 600 kwa siku kwa wenye umri wa mwaka 1 hadi 70 na IU 800 baada ya hapo. Uingereza inapendekeza IU 400 kwa kila mtu majira ya vuli na baridi, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi na wanaojifunika. Ukomo kwa mtu mzima bila usimamizi wa daktari ni IU 4,000 kwa siku.

Kwa aliyeko kati ya nanogramu 12 na 20 (nanomoli 30 na 50), hesabu ya mkono ni kwamba kila IU 100 za kila siku hupandisha kiwango kwa nanogramu 0.7 hadi 1 baada ya miezi mitatu hivi. Mwenye 14 akitumia IU 1,000 kwa siku atafika 21 hadi 24. Hahitaji dawa kali.

Aliye chini ya nanogramu 12, au mwenye dalili za mifupa, hupewa na daktari kapsuli ya IU 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, au IU 6,000 kila siku kwa muda huo huo, kisha dozi ya kuendeleza ya IU 1,500 hadi 2,000. Kalsiamu ya damu ipimwe kabla. Mwenye kifua kikuu au sakoidosisi asianze dozi kubwa peke yake, maana magonjwa hayo yanaweza kupandisha kalsiamu ghafla. Mwenye figo zilizofeli huenda akahitaji dawa ya aina nyingine.

Meza pamoja na mlo wenye mafuta, si kwa chai ya rangi alfajiri. Pima tena baada ya miezi mitatu, si kabla. Kama kiwango hakijapanda, uliza kwa mpangilio huu: je, dozi zilimezwa kweli? Zilimezwa na chakula? Kuna dawa ya kifafa au rifampisini? Uzito ni mkubwa? Choo kina mafuta yanayoelea? Hilo la mwisho linaonyesha utumbo haufyonzi.

Wala usitegemee zaidi ya mifupa na misuli. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, wenye watu 25,871 waliopewa IU 2,000 kwa siku au kidonge kitupu kisicho na dawa, haukuona kupungua kwa saratani wala mshtuko wa moyo, na kwa watu wasiochaguliwa kwa upungufu haukupunguza hata kuvunjika kwa mifupa. Faida kubwa iko kwa aliyepungukiwa kweli.

Dozi inapozidi

Jua halisababishi sumu ya vitamini D. Vidonge na sindano ndivyo husababisha. Ajali inayotokea sana ni kapsuli ya wiki kumezwa kila siku. Andika siku ya wiki juu ya pakiti, kwa mfano IJUMAA TU, kwa herufi kubwa, na kwa mzee asiyesoma toa kapsuli moja moja kwenye pakiti umpe siku yake. Ajali ya pili ni sindano za dozi kubwa zinazorudiwa kila kituo kipya cha afya kwa kuwa hakuna aliyeuliza kuhusu ya awali. Hata bila kufikia sumu, dozi kubwa mno za mara moja zina madhara: nchini Australia wanawake wazee waliopewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu, kama ilivyoripotiwa mwaka 2010.

Sumu huonekana kiwango kikizidi nanogramu 150, na kinachoumiza ni kalsiamu kupanda: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na mwishowe figo kuharibika. Acha vidonge vyote vya vitamini D na kalsiamu siku hiyo hiyo, kunywa maji, nenda ukapimwe kalsiamu na kreatinini (kipimo cha figo), na beba pakiti zote ulizotumia, hata zile tupu. Akiba iliyo kwenye mafuta hutoka polepole, hivyo kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki au miezi, na vipimo vitarudiwa hadi itulie.